Sinia Lililokatwa la Kumbukani

Mpakani mwa Kumbukani hakuna ukuta. Kuna meza, na nyuma ya meza kuna afisa mwenye karatasi. Aliyenipokea mimi hakutaka kujua jina langu wala nilichobeba mfukoni. Alinionyesha kiti, akachonga penseli yake, akaniuliza: katika mwaka uliopita, kwa kawaida, nilikula bilingani mara ngapi kwa mwezi?

Nikamwambia sikumbuki.

"Hakuna asiyekumbuka," akasema kwa upole. "Kuna asiyejitahidi."

Nikajitahidi, nikasema mara mbili. Akaandika. Akauliza bamia, akauliza dagaa, akauliza mihogo ya kuchemsha na ya kukaanga kila moja mbali. Tulipofika kwenye maembe nilimweleza kwamba kwetu embe lina msimu wake. Likija, mtu hula mpaka utomvu unamchubua midomo, kisha miezi inapita hajaliona. Akafanya hesabu pembeni ya karatasi, akaniambia kwamba basi mimi hula maembe matatu kila mwezi. Ndivyo nilivyoingia Kumbukani: nimeandikwa mla maembe wa mwaka mzima, hata katika miezi ambayo miti yetu haina ua.

Sikuharakisha kuwacheka. Kila nchi ina jambo lake, na mara nyingi jambo hilo lilianza kwa nia njema. La Kumbukani lilianza kwa adabu.

Kwao hakuna utovu wa adabu mkubwa kuliko kumwangalia mtu akila. Mama humlisha mwanawe akiwa ametazama pembeni, na kijiko hufika kinapofika. Niliona watoto wengi wenye uji masikioni. Wakubwa wa serikali, kwa kuwa adabu yao inatakiwa kuzidi ya wengine, hula kila mmoja peke yake, nyuma ya pazia, na sinia lake. Vijana hawana mapazia. Wao hulizunguka sinia moja, wakitazama chini.

Lakini kumuuliza mtu amekula nini si kosa. Ni heshima. Kwa hiyo serikali ikitaka kujua vijana wake wanakula nini, haiendi jikoni. Inauliza, tena kila muhula, kwa karatasi iitwayo Dodoso. Kazi hiyo ni ya Idara ya Kumbukumbu za Mlo, na kiasi cha chakula cha vijana wote wa mabweni hupangwa kwa majibu yao.

Mkuu wa Idara, Bwana Shaame, alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayemhurumia msikilizaji. Alinionyesha kabati la kioo. Ndani yake kulikuwa na upawa mmoja.

"Vipimo vyetu vyote vinatokana na huu," akasema. "Kijana akiulizwa amekula mchuzi kiasi gani, anaambiwa aufikirie upawa wa Idara."

"Ameshauona?"

"Hapana. Ukitolewa nje unaweza kupinda."

Msaidizi wake, Bi Zaina, alikuwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nilimuuliza wanajuaje kwamba majibu ya vijana ni ya kweli. Swali lilimfurahisha, inaelekea watu hawamuulizi.

"Dodoso la Kwanza tumelipima kwa Dodoso la Pili," akasema.

"Na la Pili?"

"Kwa la Kwanza."

"Yakapatana?"

"Kabisa. Watoto wale wale, maswali yale yale, wiki moja baadaye. Walijibu vilevile mpaka kwenye bamia."

"Huenda walikumbuka tu walichojibu mara ya kwanza."

"Unaona?" akasema. "Halafu watu wanadai vijana hawana kumbukumbu."

Aliniruhusu nifuatane na karani wa Idara, Bwana Vuai, kwenda kuuliza majumbani. Vuai alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, na alivaa viatu ambavyo havikulia hata kwenye kokoto. Nyumba ya kwanza tulimkuta kijana mwenye ndevu za kuhesabika, mama yake amesimama nyuma yake kashika kiuno.

"Mchicha?" Vuai akauliza.

Kijana akageuza jicho kidogo nyuma. "Kila siku."

"Chipsi?"

"Chipsi ndiyo nini?"

Jioni tulimkuta kijana yuleyule kwenye kibanda cha chipsi pamoja na wenzake. Kwa kuwa sheria inamtaka karani ahakikishe jibu, Vuai akamuuliza tena. "Mchicha?" akasema kijana, wenzake wakimsikiliza. "Kwani mimi mbuzi?" Idara ilichukua majibu yote mawili ikayagawa katikati. Sasa imeandikwa kwamba kijana yule hula mchicha siku moja na kuacha siku moja, jambo ambalo halikusemwa na mtu yeyote.

Haya yote yangekuwa mambo ya kuchekesha tu, na mimi ningeondoka nikicheka, kama nisingealikwa chakula bwenini.

Bweni la mji ule hulea vijana wanaotoka mbali kuja kusoma. Nilikaribishwa kwenye sinia la vijana sita. Waliniachia nafasi, wakaleta chakula kimefunikwa kwa kawa kubwa la ukindu, zuri, lililotosha kufunika nusu ya mkeka. Nikajiandaa kwa wali wa kutosha. Kawa lilipofunuliwa, chini yake kulikuwa na sinia lenye upana wa sahani ya kikombe.

"Chunga kidole, mgeni," akaniambia kijana mmoja aitwaye Faki, mwembamba, mwenye maneno mengi. "Ukingo huo ni wa juzi. Haujafa makali."

Kweli, ukingo ulikuwa umekatwa kwa mkasi wa bati na kupigwapigwa nyundo.

"Nani amelikata?"

"Fundi Ngwali. Nilipokuja hapa tulikuwa tunalala humo."

"Muongo," akasema msichana aliyekaa karibu naye. "Tulikuwa tunaegemeza viwiko tu."

Huyo alikuwa Mashavu. Jina alipewa akiwa mchanga, na bila shaka wakati huo lilimfaa. Sasa alikuwa na miaka kama kumi na mitano, na mashavu yenyewe hayakuwepo. Yeye ndiye aliyenieleza.

Kila muhula karani huja akauliza kila kijana: jana umekula sinia ngapi? Kila kijana husema moja, maana sinia lilikuwa moja. Idara hujumlisha. Vijana sita, masinia sita. Wakubwa, ambao hula kila mtu na lake, hushtuka kwamba mtoto anamaliza sinia zima kama waziri. Basi humtuma Fundi Ngwali apunguze ukingo. Muhula unaofuata karani huuliza tena, na vijana husema tena moja.

"Kwa hiyo wanaona wametukatia sinia na bado tunakula sinia zima kila mtu," akasema Mashavu. "Wanaogopa matumbo yetu."

"Kwa nini msiseme mlikula sehemu ya sinia?"

Wote sita wakarudisha mikono. Nikajua nimesema jambo la aibu.

"Mgeni," akasema Faki, "kwenu watu huhesabu matonge ya wenzao?"

"Hapana."

"Ya kwao wenyewe?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Basi." Akachukua punje za wali zilizonata kidoleni mwangu, akala. "Ila huyu Mashavu kahesabu. Mhesabu matonge mkubwa huyu. Ukila naye, jihadhari, anakuandika."

Alisema kwa mzaha, na wenzake wakacheka, lakini Mashavu hakucheka. Katika Dodoso la muhula ule, alipoulizwa sinia ngapi, alikuwa amejibu: matonge manne. Na Idara ina kanuni. Jibu likiwa dogo kiasi kwamba mtu hawezi kuishi nalo, aliyelitoa ni muongo, na jina lake hufutwa kwenye hesabu. Aliyefutwa hahesabiwi, asiyehesabiwa hapewi chakula, na asiyepewa chakula bwenini hurudi kwao. Kwao Mashavu ni mbali na hakuna shule. Alibakiza mwaka mmoja amalize masomo. Kesho yake angeitwa mbele ya Idara arekebishe jibu, aseme sinia moja kama wenzake.

"Nikisema manne, naondoka," akaniambia. "Nikisema moja, nabaki. Lakini Fundi Ngwali anakuja na mkasi, na safari hii tutakula kwenye kizibo cha chupa."

"Sema moja bwana," akasema Faki. "Tutazoea."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Na sijazoea?"

"Umezoea kuniibia mkate."

Faki akatazama chini, kama inavyotakiwa kwao wakati wa chakula. "Sema moja," akarudia, taratibu. "Ukiondoka nitamwibia nani?"

Asubuhi nilikwenda kwenye ukumbi wa bweni, palipokuwa na kikao. Bwana Shaame alikaa katikati, Bi Zaina kulia, Vuai na karatasi zake kushoto. Mlangoni Fundi Ngwali, mzee mnene mwenye haya, aliketi kwenye kigoda akipaka mkasi wake mafuta. Vijana wa sinia lile waliruhusiwa kusimama nyuma.

Bi Zaina alianza kwa kueleza ukubwa wa tatizo. Waongo wa aina ya Mashavu, alisema, wanaongezeka kila muhula. "Na tumegundua jambo la ajabu. Tumewapima waongo hao, tukakuta wengi wao ni wembamba. Hatujajua kwa nini uongo unakondesha, lakini ripoti inaandaliwa."

Bwana Shaame akamgeukia msichana. "Mwanangu," akasema, "mtu haishi kwa matonge manne."

"Ni kweli, Bwana Mkuu."

"Kwa hiyo unakubali kwamba ulidanganya."

"Nakubali kwamba mtu haishi."

"Lakini wewe unaishi."

"Kwa sasa," akasema Mashavu.

Vuai akauliza kama aandike "kwa sasa". Wakajadiliana. Bi Zaina alisema Dodoso linahusu kawaida ya mtu, na "kwa sasa" si kawaida. Bwana Shaame alisema ni kauli ya kiungwana lakini si kipimo. Mashavu akaeleza kwamba sinia hulila pamoja, watu sita. Ikaelezwa kwamba karatasi inamuuliza mtu mmoja mmoja, na "pamoja" si kiasi cha chakula. Mjadala ukaendelea mpaka jua likawa utosini, na wakubwa wale, nataka niwatendee haki, hawakuondoka kwenda kwenye mapazia yao. Walitaka kwa dhati kujua.

Mimi nikasimama. Si kawaida yangu kusema kwenye vikao vya watu.

"Jana nilikula nao," nikasema. "Sinia lile tulilila watu saba. Huyu binti nilimwona kwa macho yangu, matonge yake yalikuwa..."

"Ulimwona?" akauliza Bwana Shaame.

"Nilimwona akila, ndiyo."

Bi Zaina akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akanitazama kwa zote mbili. Vuai akauliza kwa sauti ndogo kama aandike na hilo. Bwana Shaame akasema hapana, huyu ni mgeni, tumsitiri. Ushahidi wangu ukakataliwa, na nikaombwa nikae upande ambao hakuna mtu anayekula. Faki akanong'ona nyuma yangu, "Na mimi uliniangalia?" Nikamwambia ndiyo. "Nilikuwa nakula vizuri?" Nikamwambia alikula haraka sana.

"Basi tumalize," akasema Bwana Shaame. "Mashavu, jana ulikula sinia ngapi? Fikiri kabla ya kujibu. Vuai atakachoandika ndicho kitakachokuwa."

Mashavu akatazama mlangoni, kwenye mkasi. Kabla hajafungua kinywa, chakula kikaingia. Kwao saa ya chakula cha vijana haisogezwi hata kwa kikao cha serikali. Mpishi akaweka mkekani chakula kilichofunikwa kwa lile kawa kubwa, akaondoka. Bi Zaina, Vuai na Fundi Ngwali wakageukia ukutani mara moja, kama askari. Bwana Shaame naye alikuwa anageuka, mkono mmoja umeshika tumbo, maana hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri.

"Karibu, Bwana Mkuu," akasema Mashavu.

Naeleza: kwao mtu akikaribishwa chakula hawezi kukataa. Ni kosa dogo kuliko kumwangalia mlaji, lakini si dogo sana. Ni kama kusema chakula cha mwenzako kina kasoro. Na aliyekaribishwa anaruhusiwa kutazama ndani ya sinia, ili asiingize mkono kwenye la jirani.

"Ahsante, nimeshiba," akasema Bwana Shaame, kwa sababu ndivyo husemwa mara ya kwanza.

"Karibu," wakasema wote sita.

Akavua viatu, akanawa, akakaa. Magoti yake marefu yalifika karibu na masikio. Alilitazama lile kawa kwa hamu ya mtu anayejua kipimo chake. Baadaye aliniambia kwamba miaka yote alikuwa akiona makawa yale yakipita barazani, na kila yalipopita alijiambia, watoto hawa wanakula jamani.

Mashavu akafunua.

Bwana Shaame akachukua tonge. Vijana, kwa heshima ya mgeni, wakasubiri. Akachukua la pili. Wakachukua yao, na mikono saba ikaingia na kutoka kwa zamu kama watu wanaochota maji kwenye kisima kimoja. Mkuu akapeleka mkono mara ya tatu. Nilisikia kucha zikikwaruza bati.

"Leteni chakula sasa," akasema.

"Ndicho hicho, Bwana Mkuu."

"Hiki si cha kuonja?"

"Ni sinia moja," akasema Mashavu.

Akalitazama sinia. Akalitazama kawa. Akarudi kwenye sinia. Akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo, pale ulipokatwa, akakivuta haraka na kukitia mdomoni.

"Na leo umependelewa," akasema Faki. "Mimi nimepata moja."

Vuai, akiwa ametazama ukuta, akakohoa. Alikuwa mtu mwangalifu, na kanuni inasema kila aliyekula chakula cha bweni lazima aulizwe. "Bwana Mkuu," akasema, "samahani. Umekula sinia ngapi?"

Fundi Ngwali alikuwa ameacha kupaka mafuta. Midomo ya Bwana Shaame ilianza kuliumba neno "moja". Najua kwa sababu nilikuwa namwangalia, na sijitetei. Kisha ikafunga. Alitazama tena ndani ya sinia, ambamo hamkuwa na kitu ila alama za vidole.

"Matonge mawili," akasema.

Penseli ikaandika. Ikasimama. Ikafanya hesabu.

"Bwana Mkuu," akasema Vuai, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli, "kwa jibu hili Bwana Mkuu hawezi kuwa hai."

"Niko hai, Vuai."

"Ndivyo wanavyosema wote."

"Vuai."

"Itabidi nikufute, Bwana Mkuu. Naomba radhi."

"Mfute tu," akasema Bi Zaina kutoka ukutani. "Ni utaratibu."

Bwana Shaame alikuwa akiwatazama wale vijana, nyuso zao, mmoja baada ya mwingine, na hapo hakuwa anavunja adabu, maana chakula kilikuwa kimekwisha. Alianza na Faki akaishia kwa Mashavu. Kisha akauliza swali ambalo halimo kwenye Dodoso la Kwanza wala la Pili. Nimeyasoma yote mpaka mwisho.

"Mmeshiba?"

Wakatazamana.

"Bado, Bwana Mkuu," akasema Mashavu.

Tukasikia karatasi zikifunuliwa, mbele, nyuma, tena mbele. "Hilo niliandike wapi?" akauliza Vuai. "Halina mahali."

"Weka karatasi chini, Vuai. Nenda jikoni ulete wali."

"Kwenye sinia gani, Bwana Mkuu? Hakuna linaloenea."

Bwana Shaame akanyoosha mkono, akaligeuza lile kawa juu chini. Likakaa katikati ya mkeka kama bakuli la wali wa harusi. Faki alikimbia akaleta majani ya mgomba wa nyuma ya jiko, wakalitandika, na wali ukamwagwa humo mpaka ukafika pale ukingo wa sinia ulipokuwa zamani.

Tulikula wote. Fundi Ngwali aliweka mkasi chini ya kigoda, akasema hakuwa na njaa, akakaribishwa mara ya pili, akaingia. Vuai alikula na penseli sikioni. Jina la Mashavu halikufutwa siku ile, kwa sababu karatasi ilikuwa imewekwa chini na hakuna aliyeinuka kuiokota; na yule binti alikula bila kuhesabu, jambo ambalo Faki alimkumbusha mara nyingi mpaka akapigwa kofi la mgongo.

Wiki ile yote Fundi Ngwali alikuwa kazini. Niliondoka Kumbukani akiwa anaunga vipande vya bati kwenye masinia, kazi ngumu kuliko kukata. Mpakani nilimkuta afisa yuleyule, na bilingani zilezile. Lakini chini kabisa ya karatasi kulikuwa na swali jipya, limeongezwa kwa mkono, mistari imepinda.

"Chakula chako cha mwisho cha pamoja nchini kwetu," akasoma, "mlikuwa wangapi?"

Baada ya maswali yote niliyobahatisha katika nchi ile, hili nililijua. Nilimhesabia: vijana sita, mimi wa saba, Bwana Mkuu, karani na fundi.

"Kumi," akasema, akiandika.

"Na Bi Zaina. Alikula naye, ila alikuwa amegeukia ukuta, akinyoosha mkono kwa nyuma. Sijui kama anahesabiwa."

Afisa akachonga penseli, akafikiri kwa muda, na nikaona kwamba anataka kwa dhati kupata jibu la haki.

"Kumi na nusu," akaandika, akaniruhusu nipite.